Gitaa la Besi la Sefu

Mwajabu alipokubali hatimaye kuuza gitaa la besi la marehemu mumewe, mnunuzi alikuja na nyuzi mpya na spika yake ndogo. Aliitwa Lusekelo, mpigaji wa bendi ya harusi, mtu mpole. Alizifungua nyuzi kuukuu zilizoota kutu, akafuta vumbi, akafunga mpya na kuzikaza, kisha akachomeka waya.

"Nijaribu kidogo, dada?"

"Jaribu tu, kaka."

Sauti nzito ikatikisa vikombe kabatini. Tangu wamzike Sefu, nyumba ile haikuwahi kunguruma hivyo. Mwajabu akajishika kifua.

Ndipo mama mkwe wake akaita kutoka chumbani. "Sefu! Umerudi, baba?"

Uzee ulikuwa umemnyang'anya bibi yule kumbukumbu. Kwenye mazishi ya mwanawe alikuwepo, lakini akayasahau. Kila alipomuulizia, Mwajabu alimweleza upya, naye kila mara alilia kama ndiyo kwanza anasikia.

Lusekelo akaondoa vidole kwenye nyuzi.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" bibi akauliza.

Mwajabu alifungua kinywa amwambie tena, lakini akakifunga. Akamgeukia mgeni, machozi yakimchuruzika.

"Endelea kupiga, kaka yangu," alinong'ona. "Nakuomba."

Lusekelo akainamisha kichwa, akapiga taratibu. Kule chumbani kitanda kikalia, nyayo zikajikokota sakafuni, na vidole vyembamba vikashika pazia la mlango.