Waya Kwenye Feni

Mke alipofungua ubavu wa kompyuta na kumulika ndani kwa tochi ya simu, aliliona tatizo papo hapo. Waya mwembamba ulikuwa umelegea na kunasa kwenye mapanga ya feni. Ndiyo maana mashine ilipata moto na kuganda kila mumewe alipocheza gemu la mpira.

Alinyoosha kidole autoe, kisha akasita.

Tangu ianze kuganda, mumewe alikuwa akija jikoni kusubiri ipoe. Alimenya vitunguu huku machozi yakimtoka, akisimulia vituko vya kazini. Walikuwa wamerudi kucheka pamoja kama zamani.

"Vipi, fundi wangu, umeuona ugonjwa wake?" mume aliuliza kutoka mlangoni.

Angeweza kudanganya.

"Nimeuona. Ni waya tu, kuutoa ni kufumba na kufumbua. Ila ikipona, utanipotea tena."

Mume alianza kucheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Kumbe nilikuwa nimepotea kiasi hicho?"