Bei ya Mkungu wa Mzee Shekiondo

Katika mji ule, bei ya kukata mti haikutokana na kazi ya msumeno. Kipimo kilichofungwa shinani kilihesabu watu waliokaa kivulini, na kila mmoja aliongeza laki.

Mzee Shekiondo alimwita Mwanahawa, fundi wa kukata miti, kwa sababu mizizi ya mti wake wa mkungu ilikuwa ikiinua sakafu ya jiko. Kipimo kilionyesha mtu mmoja tu: yeye mwenyewe, tangu mkewe afariki.

"Laki moja, mzee. Hutapata rahisi kuliko hapo," alisema Mwanahawa. Kisha akachuchumaa, akagonga sakafu. "Lakini nikikwambia kweli, ni mzizi mmoja unaokusumbua. Kuutoa huo ni elfu kumi na tano."

"Utakosa kazi, mwanangu."

"Heri nikose kazi kuliko nikose usingizi."

Akaufukua mzizi, akaukata. Mzee alifurahi mno, akapika pilau na kuwaita majirani ambao hakuwa amewaalika kwa miaka minne. Walikuja na mikeka, watoto na soga zao, na vicheko vikasikika hadi barabarani.

Kipimo kikasoma watu ishirini na watatu.

"Milioni mbili na laki tatu! Sasa siwezi kuukata hata nikitaka!" mzee alicheka, akimpakulia Mwanahawa nyama.

Mwanahawa alicheka naye, ingawa alijua mizizi haichoki kukua. Akavua viatu, akakaa mkekani. Kipimo kikasoma tena: ishirini na wanne.