Utepe Mbele ya Simu

Simu mpya zilipangwa nyuma ya utepe mwekundu, zikimsubiri mgeni rasmi azizindue. Fundi alikuwa amekwisha kuziunganisha. Simu moja ya zamani, ambayo waliokata tamaa mji mzima waliitegemea, ilikuwa mikononi mwa mhudumu mkongwe, Bi Mwanahija, aliyekuwa akimsihi mwanamume aliyechoka kuishi asikate simu. Ndipo mojawapo ya zile mpya ilipolia.

"Usiiguse, Tunu!" mratibu alimwonya mhudumu kijana. "Mheshimiwa yuko getini. Unataka aje akate hewa?"

"Na huyu anayepiga je, kaka?"

"Atapiga tena."

"Wengine hawapigi tena."

Nje matarumbeta yalianza. Simu iliendelea kulia. Tunu alijitosa mbele, utepe ukakatika kifuani mwake, akapokea.

"Nakusikiliza, ndugu yangu."

Alisikia pumzi tu. Kisha sauti ya msichana ikasema, "Nilijiambia, isipopokelewa..."

"Imepokelewa, mdogo wangu. Niko hapa."

Mlango ulifunguka. Mgeni rasmi alisimama kizingitini, mkasi mkononi, tabasamu limemganda. Tunu alimwinulia kiganja kumwomba anyamaze, na kando yake simu mpya ya pili ikaanza kulia.