Palizi ya Ambakisye

"Ulezi? Mimi nautambua hata nikifumba macho," Ambakisye alimwambia mama mkwe wake, ambaye siku hiyo mgongo ulimkatalia kwenda kupalilia.

Kipande chenyewe cha shamba kilikuwa nyuma ya nyumba, kimepandwa mbegu ya mwisho waliyobakiwa nayo. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa mjamzito na damu imempungua, na wote walitegemea uji wa ulezi huo umwinue atakapojifungua.

Basi bwana mkubwa akang'oa asubuhi nzima huku akipiga mluzi, akitupa juani kila alichokiita gugu. Saa sita akajinyoosha ili aisifie kazi yake. Ndipo akaona mche mmoja aliouacha umeshatoa kisuke chembamba. Akatazama wa pili, wa tatu, yote ina visuke. Ulezi wa wiki tano hautoi kisuke. Alikuwa ameng'oa ulezi wote na kuyaachia magugu shamba.

Akapiga magoti, akaanza kuichomeka tena ile miche iliyonyauka, mmoja mmoja, akiimwagia maji yake ya kunywa na kuishindilia udongo. Kila aliousimamisha ulilala.

"Baba," mama mkwe alisema nyuma yake. Ambakisye hakujua mama huyo amesimama pale tangu lini. "Na huo ulioukandamiza kwa goti, nao usimamishe."

Ambakisye hakugeuka. Aliinua goti, akauokota ule mche, akaushika wima kwa vidole viwili, akaogopa kuuachia.