Kitanda Kilichobaki

Nyamizi na Tunu walisoma pamoja tangu darasa la kwanza, na pamoja wakafika chuo kikuu, kila mmoja na sanduku lake la bati. Mlezi wa mabweni aliweka ufunguo mezani.

"Bweni hili limebakiwa na kitanda kimoja. Mwingine ataenda la bondeni. Amueni wenyewe."

Habari za njia ya bondeni walikwisha kuzisikia. Wiki iliyopita msichana alichomwa kisu kule kichakani.

"Tupige kura, shoga yangu," alisema Tunu.

Nyamizi aliunyakua ufunguo. Tunu akamdaka mkono, akamng'ata hadi damu ikatoka. Kwa maumivu na hofu, Nyamizi akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye ukingo wa sanduku. Jino likaanguka sakafuni.

"Mmekuwa wanyama?" mlezi alifoka.

Tunu alijifuta mdomo kwa khanga. Hakulia. Alijitwika sanduku lake akatoka.

"Tunu! Rudi, chukua wewe!" Nyamizi aliita kutoka mlangoni.

Tunu hakugeuka. Kichaka kilipoanzia alisimama, akachutama polepole, mkono mmoja ukishikilia sanduku kichwani, akaokota jiwe.