Kitana cha Mwalimu Adelina

Dawa za hospitali zilikuwa zimemaliza nywele za Mwalimu Adelina. Tunu, aliyefundishwa naye fizikia zamani, alimkuta kitandani akigeuzageuza kitana cha plastiki.

“Nilikuwa nikijichana nacho mbele yenu,” alisema mwalimu, “halafu vipande vya karatasi vinakirukia.”

“Ulituambia elektroni zimehama kutoka kwenye nywele kwenda kwenye kitana.”

“Sasa hazina pa kutoka, mwanangu.”

Tunu alifungua kitambaa chake, akainamisha kichwa mapajani pa mwalimu. “Chana zangu.”

Mwalimu alimchana taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakisogeza kitana juu ya vipande vya karatasi ambavyo Tunu alivitawanya kwenye shuka. Kimoja kikatikisika, kikasimama wima.