Mlango wa Bi Tunu

Tangu tuvalishwe lenzi machoni, duka lisilotokea kwenye ukurasa wa kwanza wa utafutaji mtandaoni huonekana kama ukuta mtupu. Kibanda changu cha vitumbua kilipoanza kuporomoka kwenye ukurasa huo, niliwasihi majirani wakisifie mtandaoni. Wakagoma. Kwetu Tanga, kusifia riziki ya mtu hadharani ni kuitafutia husuda.

“Vitumbua vyako tunavipenda mno, Bi Tunu,” alisema Mwanahija, jirani yangu. “Ndiyo maana tunanyamaza.”

Leo alfajiri nimekuta ukuta. Nikaupapasa hadi vidole vikagusa kufuli nisiloliona, nikaingiza ufunguo.

Shekue, mume wangu, aliyeupaka rangi mlango ule kwa mikono yake mwenyewe, akanishika bega.

“Mke wangu,” akaniuliza kwa upole, “unafungua nini?”